Ile "Ha" Iliyopotea Njiani Kwenda Kamina

Nilisema "haiko". Kamina wakasikia "iko". Kwa ajili ya hiyo nilipanda treni pale Lubumbashi, wakati vita vilikuwa vimefunga barabara.

Kazi yangu ilikuwa kuongea na Kamina kwa simu ya satelaiti. Mama Bolumbu, mke wa sajini mmoja wa Base, kambi ya jeshi ya Kamina, aliulizia kama jina la mume wake limo kwenye liste ya waliokufa. Nilisoma karatasi mara mbili, nikajibu haiko. Lakini simu ile, ukinyamaza kidogo, ilimeza mwanzo wa neno. Kisha ikakatika kabisa. Siku chache baadaye Salumu, mchuuzi aliyetoka huko, akaniambia: "Mama Bolumbu iko ku matanga. Banasema njo weye ulitangaza."

Nilimwachia mwenzangu Kasongo kazi ya kumtafuta sajini kati ya majeruhi hospitalini, nikachukua simu mpya ya ziada, nikaondoka.

Siku tano njiani. Tulilala kwenye vituo tukingoja mashine ya kuvuta treni, tukala bukari, ugali wa kule, na samaki mkavu, wasafiri wakiimba Kiluba. Ah, treni ile! Nilikuwa na hofu tele, lakini leo naitamani hata njaa yake.

Kamina, asubuhi. Mjini nilikodi baiskeli kuukuu, kinga kama wanavyoiita huko, yenye kengele mbili, nikaenda Base. Mama Bolumbu alikuwa ameketi mkekani, kichwa kimenyolewa, wake wa askari wamemzunguka.

"Mama, minyi nilisema haiko. Jina yake haiko ku liste."

Hakuinua kichwa. "Ile siku iko, leo haiko. Kinywa yako iko na njia ngapi, tata?"

Alikuwa na haki yake.

Adhuhuri nilitega antena ya simu ya zamani ya Base ikitazama magharibi, na ya ile mpya niliyokuja nayo mashariki, kila moja na satelaiti yake. Zote mbili nikaziunga kwenye ordinateri moja, yaani kompyuta. Kasongo akanijulisha amempata sajini; barua yake ingekuja vipandevipande. Kipande kikianguka njia hii, kingeombwa kwa njia ile.

Saa nane Kasongo alianza kutuma. Mashariki ilileta mistari miwili ikafa. Magharibi ikaokota palepale, ikamaliza. Nikasoma kwa sauti:

"Mama Bolumbu, minyi niko muzima. Mukono tu njo ilivunjika. Usiuzishe kinga yangu ya kengele mbili. Ninakujua."

Mama Bolumbu aliinua kichwa. Akaitazama baiskeli niliyoiegemeza ukutani, akaitazama muda mrefu.

"Nilishaiuzisha," akasema polepole. Halafu akacheka huku machozi yanamtiririka. "Njo yeye. Hakuna mwingine wa kunigombeza ivi."

Wanawake wakamwinua mkekani.

Kurudi mjini nilitembea kwa miguu. Baiskeli ya sajini sikuweza kuichukua tena, na aliyenikodisha, nilipomweleza, aliguna kisha akanikaribisha chai. Simu zote mbili nilizibakiza Base.

Nilijifunza kutolipitisha neno zito kwa njia moja tu. Mpaka leo mke wangu akiuliza kama kuna chumvi, najibu: "Hapana, haiko. Haiko." Yeye hucheka. Mimi huona kile kichwa kilichonyolewa.