Fundi wa Fataki na Utomvu wa Mninga

Kipaza sauti cha msikiti kilikwaruza mara mbili kabla sijafumbua macho. Hapa Ujiji, mkwaruzo wa namna hiyo baada ya sala ya alfajiri una maana moja tu, nikabaki kitandani nikisubiri jina. Fundi wa fataki amefariki. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii mnamfahamu, ingawa sikuwahi kumtaja. Ndiye yule niliyemcheka.

Kwa miaka mingi alizipamba harusi na Idi zetu kwa moto wa rangi, kibali chake kikiwa ukutani ndani ya fremu. Alipenda kusema kwamba uzuri wa fataki hautoki kwenye kishindo, unatoka kwenye chakula cha moto. Chakula chake kilikuwa sandarusi, utomvu mgumu wa rangi ya asali ulioletwa kutoka pwani, akausaga mpaka ukawa unga. Sandarusi ilipoadimika, akageukia misitu iliyo nyuma yetu, kwenye mininga inayochuruzika utomvu mwekundu kama damu ukiikata gome. Aliujaribu kiangazi chote, na kila mara uliwaka vizuri. Akaamini amepata.

Harusi ya kwanza aliyoipelekea fataki hizo ilikuwa Kasingirima, katikati ya masika, wakati unyevu wa ziwa unaingia mpaka kwenye mashuka. Baada ya magharibi aliwasha ya kwanza. Ikatoa moshi, ikapiga chafya, ikalala. Ya pili vilevile.

"Yewe fundi, hizo fataki au mkaa mbichi?" alipaza sauti mmoja.

"Zipeni maji, zimepaliwa!" akadakia shangazi wa bibi harusi, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nami nilikuwepo. Wiki ile niliandika hapa juu ya fataki zenye kifua, nanyi mkafurahi, mkanitumia salamu. Tangu hapo harusi zikaanza kununua fataki za maboksi kutoka ng'ambo. Jina alilolijenga maisha yake yote liliyeyuka kwa aya nne.

Siku moja akaja kwangu. Nilimwamkia shikamoo huku nikitafuta pa kuficha uso.

"Marahaba, mwanangu. Riwaya yako imeiva, au nayo inakohoa?" Akacheka peke yake, kisha akaomba glasi mbili za maji. Katika moja alitumbukiza kipande cha sandarusi, katika nyingine kipande cha utomvu wa mninga. Tukakaa. Sandarusi ilibaki jiwe. Maji ya mninga yakageuka rangi ya chai.

"Unaona? Huu unakunywa maji. Mimi niliuuliza moto tu, tena kiangazi. Sikuuliza maji." Akafuta vidole kwenye kanzu. "Nimepata wa mti mwingine, haunywi. Jumamosi nitaujaribu uwanjani. Njoo uone, uandike."

"Nitakuja, mzee."

Sikwenda. Nilikuwa nimekwama kwenye sura ya tatu, nikajiambia fasihi haingoji. Akanialika tena, na mara ya tatu, nikajibu vilevile. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi sikuwepo, lakini lililopotea lilikuwa lake.

Baada ya mazishi nilikwenda kumpa pole binti yake, mama wa makamo aliyekuwa akimsaidia kusaga. Nikamuuliza kuhusu ule utomvu mpya.

"Uliwaka, mdogo wangu. Nyekundu safi, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Baba alilia." Akatazama mikono yake. "Ziliposhindwa, mji mzima ulikuwepo. Zilipowaka tulikuwa wawili."

"Ni mti gani?"

"Hakunitajia. Alisema atalieleza gazeti kwanza, limsafishe."

Mtu akikosea, kosa lake lina kelele, linatuita lenyewe. Akilisahihisha, husahihisha kimya, na lazima mtu anyanyuke aende kuona. Anayeandika makosa ya watu ana deni la safari hiyo ya pili, na marehemu hadai. Naandika leo kwamba fundi yule alipata alichokitafuta, ingawa sina ushahidi ila neno la mwanawe, wala siwezi kuwaonyesha mti.

Nilipoaga, binti yake alinisindikiza mpaka kizingitini. "Ahsante kwa kuja," alisema, bila kuongeza karibu tena, na mlango ukafungwa nyuma yangu.