Gari Jekundu Lililokula Tairi

Harufu ya dagaa wabichi wanaoanza kukauka haifanani na harufu nyingine ninayoijua. Asubuhi na mapema ina ubaridi wa ziwa ndani yake. Jua likipanda inakuwa kali, inaingia kwenye nywele, kwenye madaftari ya shule, mpaka kwenye ugali. Nilikulia ndani ya harufu hiyo, ufukweni upande wa Kirumba, karibu na ghala la pamba lililokuwa limefungwa. Mabati ya paa yalikwisha kung'olewa na kuta zilibaki nusu, lakini sakafu yake ya saruji ilikuwa nzima, pana na laini kama kiganja. Mama na wenzake walianika dagaa hapo. Na kwa miezi kadhaa, nilipokuwa darasa la tano, baba yangu alipima hapo magurudumu ya gari jekundu la Bwana Magesa. Mpaka leo nikisikia harufu ya dagaa na ya grisi kwa pamoja, jambo ambalo hutokea mara chache, moyo wangu hutulia.

Baba alikuwa fundi wa malori katika karakana ya umma. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, karakana nyingi za namna hiyo zilifungwa, naye akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Alirudi nyumbani na sanduku la spana na koti la bluu lililofifia mabegani. Hakusema sana. Alifunga turubai kwenye mwamba mkubwa uliokuwa nyuma ya nyumba yetu, akapanga spana zake juu ya gunia, na hiyo ikawa gereji. Barabarani kulikuwa kumeanza kuonekana magari ambayo hatukuyazoea, mitumba iliyopita Dubai na kushuka bandarini Dar es Salaam, mengine yakiwa na maandishi ya Kijapani mlangoni. Malori baba aliyajua kama mtu anavyojua ng'ombe wake. Haya mapya alijifunza kwa kuyatazama. Angeweza kuchuchumaa mbele ya gari nusu saa bila kuligusa, na mimi nikachuchumaa kando yake, kwa sababu nami nilikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema. Mama alikuwa akituambia, "Nyinyi wawili mkiachwa peke yenu, nyumba itasahau sauti ya watu."

Gari la Bwana Magesa halikuwa na mwenzake Mwanza nzima, au ndivyo tulivyoamini sisi watoto. Lilikuwa la milango miwili, limeinama chini kama paka anayevizia, na taa zake za mbele zilikuwa zimefichwa, zinainuka zikiwashwa tu. Yeye mwenyewe alikuwa kijana wa Mara, wakala wa kununua sangara kwa ajili ya kiwanda cha minofu, mwenye miwani ya jua na suruali iliyopigwa pasi. Jumapili alilipitisha gari taratibu katikati ya mji, Nyamagana, watu wakitoka madukani kutazama. Siku nyingine alikwenda nalo Misungwi kwa mwendo ambao wazee walisema ni wa kumtania Mungu. Kila aliyemuuliza kama gari hilo linafaa kazi yake, alimjibu kwa sauti ya kusikika, "Hili si gari la kubeba samaki, bwana. Samaki wana lori lao."

Tatizo lilikuwa kwamba gari lilikula tairi. Tairi mbili za nyuma, tena upande wa ndani tu, ule ambao mtu aliyesimama haoni. Kwa nje zilikuwa mpya, zinang'aa; kwa ndani zilikuwa zimechakaa mpaka nyuzi zinachungulia. Baba aliniita kuzipapasa kwa sababu mkono wangu mdogo ulipita vizuri nyuma ya gurudumu. Alinifundisha kufumba macho na kupitisha kiganja kwa upande mmoja, kisha kukirudisha. Nilipokipeleka kilikwenda laini. Nilipokirudisha kilikwaruzwa, kama unavyompapasa samaki kutoka mkiani kwenda kichwani. "Basi hapo gurudumu haliendi linakotazama," baba alisema. "Linaburuzwa, ndiyo maana linaliwa."

Namna yake ya kupima ilikuwa hii. Alihitaji mahali palipo sawa kabisa, na kwetu Mwanza, mahali pasipo na mteremko pana mawe. Sakafu ya ghala ndiyo pekee iliyofaa. Alimwaga ndoo ya maji katikati, tukatazama: maji yalisambaa pande zote kwa utulivu, hayakukimbilia popote. Kisha alivuta uzi wa nyavu, ule mweupe wa nailoni, kutoka nyuma ya gari mpaka mbele, kila upande, umekazwa kwenye vyuma viwili vilivyosimikwa ndani ya makopo ya saruji. Kwa futi alipima kutoka kwenye uzi hadi kwenye ukingo wa mbele wa ringi, halafu hadi ukingo wa nyuma. Tofauti ya hivyo viwili ndiyo iliyomwambia kama gurudumu limefungua, yaani linatazama nje, au limefunga, linatazama ndani. Kwenye lori magurudumu ya nyuma hayana la kurekebisha. Kwenye gari hili baba aligundua bolti mbili chini, ambazo ukizizungusha gurudumu la nyuma linaingia au linatoka kidogo. Alizifurahia bolti hizo kama mtu aliyetegua kitendawili.

Alirekebisha, na gari likaenda. Baada ya wiki sita likarudi na tairi zimeliwa vilevile. Alipima upya usiku kucha kichwani mwake, akarekebisha tena. Likarudi tena. Nilimwona baba akikonda kwa ajili ya tairi ambazo hazikuwa zake. Mara ya tatu Bwana Magesa alikuja na tairi mpya mbili, akaziweka chini taratibu, akasema bila hasira, na hilo ndilo lililoumiza zaidi: "Fundi, mimi nakuheshimu. Lakini hizi ndizo za mwisho. Zikiliwa na hizi, gari nalipeleka Nairobi kwenye mashine. Na watu wakiniuliza kwa nini, sitawadanganya."

Jioni hiyo nilimsikia baba akimwambia mama kwamba jina la fundi likishachafuka mjini hakuna sabuni ya kulifulia, na kama ni hivyo bora turudi Misungwi kwa babu tukalime pamba. Pamba yenyewe ilikuwa imelala kwenye maghala ya watu bila mnunuzi. Mimi nilijifunika kanga nikaanza kuhesabu vitu ambavyo Misungwi havikuwapo: ziwa mlangoni, shule yangu, na baba mwenye koti la bluu.

Siku ya kupima mara ya tatu ilikuwa Jumamosi. Makubaliano na wanawake yalikuwa kwamba baba atumie sakafu alfajiri, kabla mitumbwi ya dagaa haijarudi. Bwana Magesa alileta gari limeoshwa, linameremeta, buti halina kitu ila jeki, chini ya viti hakuna hata njiti ya kiberiti. Hiyo ilikuwa adabu ya wakati ule na wengi wanayo hadi leo: gari haliendi kwa fundi na uchafu wako wala mizigo yako. Baba alinituma nifungue buti nimletee jeki. Nilipoinamia ndani, nikaona kitu kinang'aa kwenye mpira unaozunguka mdomo wa buti. Nilikichomoa kwa ukucha. Kilikuwa gamba la sangara, kubwa, gumu, limekauka. Nilipoinua mpira nikaona mengine mawili, na chini kabisa utando mweupe ulioachwa na maji ya barafu.

Nilisimama pale na jeki mkono mmoja na gamba mkono mwingine. Nilielewa yote kwa mara moja. Lori la barafu likichelewa, yule bwana alikuwa akibeba sangara ndani ya gari lake zuri, halafu analiosha ili asionekane. Gari ambalo baba alipima likiwa tupu halikuwa gari lililokwenda barabarani na mzigo. Lakini ningesemaje? Mwenye gari alikuwa pale pale akifuta kioo kwa leso, na nilikuwa mtoto ambaye hata "shikamoo" ilinitoka kwa taabu. Nilimpa baba jeki. Kisha nikamfungua vidole na kuliweka lile gamba kiganjani mwake, nikavifunga tena.

Baba alilitazama. Akatazama buti, akatazama tairi. Nilidhani atasema. Badala yake alilitia gamba mfukoni mwa koti na kuendelea kufunga uzi, ila sasa mikono yake ilikuwa na haraka. Wakati huohuo mitumbwi ilikuwa imewahi kurudi, na wanawake wakaingia ghalani na mabeseni kichwani, maji yakiwachuruzikia mashingoni. Mbele alikuwa Mama Nyanjige, rafiki wa mama, mwanamke wa maungo makubwa na ulimi mkubwa zaidi.

"Shemeji," alimwambia baba, "ondoa hicho kiatu chako chekundu. Dagaa hawasubiri mtu!"

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Magesa.

"Marahaba, mwanangu. Lakini na wewe ungenunua gari lenye miguu mirefu kidogo."

Wanawake walicheka. Baba alisimama, akapangusa mikono, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama Nyanjige, hilo beseni lina uzito gani?"

"Ujitwike ujue."

"Naomba mabeseni manne ndani ya buti. Na wewe na Mama Kabula mkae nyuma. Bosi, wewe kaa kwenye usukani. Leo nataka kulipima likiwa na watu na mzigo. Magari haya ya mbio hupimwa hivyo, yakiwa matupu yanadanganya."

Bwana Magesa aligeuka. "Fundi! Dagaa wabichi kwenye gari hili? Litanuka shombo mwaka mzima!"

Baba hakuinua macho kutoka kwenye uzi. "Litanuka, bosi. Na kila atakayekuuliza, mwambie ni fundi na wanawake wa ghalani ndio waliokufanyia."

Bwana Magesa alivua miwani yake. Alimtazama baba, halafu akanitazama mimi, na nikainamisha kichwa. Sijui aliona nini usoni mwangu. Aliingia kwenye gari, akashika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mtihani, akasema polepole, "Haya, akina mama. Karibuni."

Kumwingiza Mama Nyanjige kwenye kiti cha nyuma cha gari lile ilikuwa kazi iliyohitaji watu watatu na utani wa kutosha harusi mbili. Mama yangu, ndiye huyo Mama Kabula, alimfuata, ameshika beseni la tano mapajani. Gari lilishuka nyuma, likapumua. Baba aliniambia niinamie uzi nitazame, nami nikaona kwa macho yangu: magurudumu ya nyuma, yaliyokuwa yamesimama wima, sasa yaliinamisha vichwa vyao ndani na kufungua nyayo zao nje, kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo. Baba alicheka peke yake. Akapandisha magurudumu manne juu ya mbao za unene mmoja, akajisukuma chini kwa mgongo, na kwa saa nzima tulifanya kazi hivyo. Yeye alizungusha bolti, mimi nilisoma futi na kuita namba. Ndiyo, niliita, tena kwa sauti, maana chini ya gari hakusikia mnong'ono. Wanawake waliobaki walianika dagaa kutuzunguka mpaka gari likawa kisiwa. Ndani ya gari nilimsikia mama akisema, bila kumtaja mtu, "Kikulacho ki nguoni mwako," na Mama Nyanjige akamjibu, "Nguoni mwangu sasa hivi kuna dagaa hai, mama."

Wiki sita zilipita, baba akihesabu siku kimyakimya. Gari lilipokuja, hakulitazama. Aliniita mimi. Nilifumba macho, nikapitisha kiganja ndani ya tairi, nikakirudisha. Laini kwenda, laini kurudi. Nikarudia upande wa pili. "Sawa," nilisema, na hilo neno moja lilimkalisha baba juu ya jiwe. Bwana Magesa alifungua buti mbele yetu sote, mchana kweupe. Ndani, juu ya gunia lenye barafu, kulikuwa na sangara wanane. Akamtoa mmoja, akampa mama. Mtaani kwetu wakati ule tulikula zaidi mapanki, ile mifupa na vichwa vilivyobaki kiwandani baada ya minofu kwenda Ulaya. Usiku huo tulikula nyama ya samaki mpaka paka akasusa. Kuhusu gamba hakuna aliyesema neno, si siku hiyo wala baadaye. Misungwi tulikwenda Krismasi, kusalimia tu.

Siku hizi ninaishi Kiseke, na nina kibanda cha tairi kando ya barabara. Baba ni mzee, hukaa mlangoni kwangu akitazama magari yanavyopita, na akiona moja linatembea kiupande hunigusa goti. Mjini kuna mashine za kupanga magurudumu, zenye kioo na taa, na sizidharau. Kazi iliyotuchukua asubuhi nzima na kutuloanisha kwa maji ya dagaa, zenyewe zinaimaliza wakati mteja anakunywa soda. Sakafu ya ghala imejengewa nyumba ya wageni. Lakini nimeona magari yakitoka kwenye mashine hizo na kurudi kwangu yameliwa upande, na mwenye gari anashangaa, kwa sababu alilipeleka limeoshwa na tupu, na hakuna aliyemuuliza chochote. Mimi huwauliza. Ni swali ambalo bado linanitoka kwa taabu, kwa sauti ndogo, baada ya kupapasa tairi: huwa unabeba nini? Wengi hujibu kwamba hawabebi kitu. Basi huwaambia, kama baba, kwamba gari hupimwa likiwa na mzigo, waje nao kesho chochote walicho nacho, na wakija naelekeza macho yangu kwenye uzi, si kwenye mzigo wao.