Pipa la Komoni na Maji ya Ubatizo

Harufu ya machicha ya komoni haitoki kirahisi. Inaingia kwenye nywele, kwenye shuka, kwenye madaftari ya shule, na jua likiwaka inaamka upya. Mie nimekulia ndani ya harufu hiyo, Tandika, kwenye uwanja wa mama yangu Nyamizi, aliyeshuka na treni kutoka Tabora akiwa na mimba yangu, akajifunza mjini kupika pombe ya kuuza. Katikati ya uwanja lilisimama pipa la chuma ambamo pombe hiyo, komoni, ilichachukia. Wenzangu wa darasani, Mwajabu, Chausiku na yule Selemani mwenye pengo, hawakuniita Sikudhani, waliniita Machicha. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yameanza kujaa tena, na mama akaniletea sabuni ya kunukia. Nikajisugua mpaka ngozi inawasha. Nafika darasani, Selemani ananusa hewa, anasema, "Leo Machicha kaungwa na maua." Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akageukia ubaoni mabega yakimtikisika.

Nilikuwa darasa la saba, ndipo masomo yangu yalipoishia, walokole walipoanza kusali chini ya turubai nyuma ya nyumba yetu. Kiongozi wao alikuwa Mwinjilisti Lazaro, siku za kazi akibeba mizigo bandarini Kurasini, Jumapili akihubiri kwa sauti iliyokauka kwa vumbi la simenti. Siku moja alisema mtu akizama majini kwa imani anatoka mpya, na vyake vya zamani vinabaki humo. Wenzangu chini ya turubai walifikiria dhambi zao. Mie nilifikiria machicha. Nikaomba nibatizwe. Mama hakuwa mtu wa kanisa wala msikiti, akanijibu huku anakoroga, "Nenda. Ila usirudi ukanifundisha kazi yangu."

Ubatizo wao ulikuwa wa kuzama mwili mzima, na walizoea kwenda baharini, upande wa Kurasini. Masika ile kuhara kukaingia mtaani, bwana afya akapita na kipaza sauti kukataza watu kuingia kwenye maji ya mkondo ule wa bahari. Pasaka nayo imeshafika. Beseni halimzamishi mtu, na mtaa mzima ulikuwa na chombo kimoja tu cha kumtosha binadamu. Nilimwona Mwinjilisti Lazaro anaingia uwanjani kwetu kofia mkononi, nikajua amefuata pipa. Nilitaka kukimbia harufu ile, na sasa nitazamishwa ndani yake.

Sikutegemea mama angekubali, maana pipa lilikuwa limejaa pombe ya sikukuu, inachemka povu. Alimtazama Lazaro, akanitazama mie, kisha akalilaza pipa, komoni yote ikaenda mtaroni. Bata wa jirani yetu, Bi Mwanaidi, waliinywa, wakashinda jioni ile wakigombana na ukuta.

Kesho yake ikawa kazi ya kuliosha. Walokole walikuja na sabuni, wakasugua, wakakata tamaa. Bi Mwanaidi, Mwislamu wa kuzaliwa hapo hapo Tandika, alikuwa bado ana hasira za bata wake, lakini hakuvumilia kuona chombo kinaoshwa vibaya. "Nyie watu wa bara nyie, najisi haitoki kwa povu! Leteni udongo, leteni majivu, leteni ndimu!" Akafunga kanga kiunoni akawasimamia, na walokole watu wazima wakasugua pipa la ubatizo kwa kufuata amri ya mama wa Kiislamu. Halafu wakaliweka penye mchirizi wa bati, mvua ya usiku ikalijaza.

Jumapili tulijipanga, na mie ndiye wa kwanza. Mzee Anyosisye, mzee wa kanisa, akaingiza kichwa pipani, akanusa, akakitoa. "Harufu imo bado," akasema. "Haya ni maji ya kilabu cha pombe. Humu habatizwi mtu."

Machozi yakaanza kunitoka. Ndipo sauti ya mama ikatokea kwenye michongoma alikosimama: "Shikamoo, Mzee Anyosisye."

"Marahaba."

"Harufu hiyo umeijua upesi, baba. Kumbe hujaisahau?"

Turubai zima likaangua kicheko, maana miaka miwili nyuma mzee huyo alikuwa na kigoda chake kwetu. Hata yeye alicheka, mwishoni. Mwinjilisti Lazaro hakucheka. Alisema taratibu, "Mzee wangu, kama Bwana amekuosha wewe uliyeinywa, atashindwa na pipa?" Akaninyooshea mkono.

Nikapanda kigoda, nikaingia, nikachuchumaa. Maji yaliponifunika nilisikia ndimu, nikasikia majivu, na chini kabisa, palepale pa siku zote, machicha. Nikajua harufu haitatoka. Nilikuja kwa ajili ya hilo moja, na hilo moja limekataa. Nilipoinuka watu wanaimba, mie natetemeka kwa baridi na aibu. Mama akapita katikati ya walokole, akavua kanga yake ya juu akanifunika. Kanga ile ilinuka machicha kuliko pipa lenyewe. Nikavuta pumzi, nikaingiza uso wangu wote ndani yake. Siku zote nilizoea kujitenga naye mbele za watu. Siku ile sikujitenga.

Baada ya Pasaka mama alipika tena, katika pipa lile lile, na shuleni niliendelea kuitwa Machicha, ila nilianza kuitika. Mama hakubatizwa mpaka tulipomzika.

Sasa nimezeeka, nakaa Mbagala kwa mwanangu. Kanisa letu lina kisima chenye vigae vya bluu na maji ya moto, na wanaobatizwa wanapigwa picha. Juzi mjukuu wangu Upendo alitoka humo ananukia dawa ya maji, akaniuliza, "Bibi, mimi nimeshakuwa msafi?" Nilikuwa na mengi ya kumwambia, ya Lazaro na ya Mzee Anyosisye na ya Bi Mwanaidi na bata wake. Lakini mtoto alikuwa anatetemeka. Nikavua kanga yangu nikamfunika.