Mikono ya Yustina na Amri za Mwenyekiti

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, kupanda kutoka Kinole, na mwaka 1975 kilikuwa na mwenyekiti aliyejua kila kitu. Mwinjuma alijua kilimo bila kushika jembe, na Yustina alipougua, alijua ugonjwa wake kabla hajafika kumjulia hali. "Uvivu," alisema, akaenda kula.

Yustina alikuwa mfinyanzi, umri wake hamsini na kitu, mke wa Ignas. Vyungu vyake viliuzwa hadi Morogoro mjini. Asubuhi moja ya masika alianguka mtoni akiteka maji. Alipozinduka mdomo ulikuwa umepinda na maneno hayatoki. Baada ya wiki chache maneno yalirudi, miguu ikarudi, nguvu za mikono zikarudi. Kilichobaki kilikuwa cha ajabu. Ukimwambia afunge mlango, alielewa, aliinuka, alifika mlangoni, kisha mikono ikatangatanga hewani. Upepo ukivuma jioni, aliufunga mlango huo huo mwenyewe bila kuambiwa.

Habari ya mlango ilimfikia Mwinjuma, ikamtosha. Akaitisha mkutano wa kijiji wenye ajenda moja: kupe, yaani wanaokula jasho la wenzao. Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, nikapewa kazi ya kuandika kumbukumbu, kwa hiyo aibu ya siku ile ipo kwa mwandiko wangu.

"Ndugu Yustina, nyoosha ngumi juu useme Uhuru!"

"Uhuru," Yustina alisema kwa sauti safi. Mkono ukaenda sikioni.

Watu wakacheka.

"Haya, onyesha unavyolima."

Alivitazama viganja vyake, akavisugua kama anayenawa. "Najua kulima, Mwenyekiti. Na unachotaka nimekielewa. Mikono ndiyo haifiki."

"Haifiki wapi? Kwani inatoka Dodoma?"

Walipokuwa bado wanacheka, siafu alimuuma Yustina mguuni. Aliinama, akamchomoa kwa vidole viwili, akamtupa, kisha akajifunga khanga yake upya kiunoni, fundo zuri kabisa. Mwinjuma aliruka kama amemkamata mwizi.

"Mmeona? Kwa siafu mikono ina akili, kwa kijiji haina!"

Ikapendekezwa aongezewe siku za kazi kwenye shamba la kijiji. Tulinyoosha mikono wote kukubali. Yetu ilikuwa mizima.

Siku ya tatu shambani msimamizi alimpigia kelele, "Lima, mama!" Yustina akainua jembe amelishika vibaya, likamshukia mguuni. Mimi na Ignas tulimteremsha hadi Kinole, tukapata lori la ndizi, tukafika hospitali ya mjini jua likiwa kali.

Tulimkuta daktari msaidizi aitwaye Kibwana, kijana mwembamba mwenye viatu vilivyochoka. "Shikamoo, mama," alisema akinyoosha mkono.

"Marahaba, baba." Yustina akaupokea bila taabu yoyote.

Kibwana alishona jeraha huku akiuliza lilivyopatikana. Tulipomaliza kumweleza yote, tangu kuanguka mtoni hadi siafu wa mkutanoni, alisema, "Mama, hebu nionyeshe unavyompa mtu mkono." Mkono ule ule ukapotea njia, ukaishia begani. Akampa kitana.

"Hiki nini?"

"Kitana."

"Cha kazi gani?"

"Kuchania nywele."

"Nionyeshe."

Yustina akakipitisha shingoni, akakirudisha mezani, machozi yakamtoka.

Kibwana alitugeukia. "Kichwani mambo huenda kwa hatua. Jicho likitazama kitana, ubongo hupokea kwanza mwanga na mistari tu. Sehemu nyingine huikusanya mistari iwe umbo. Mbele zaidi, umbo hupata jina. Sikio nalo hivyo hivyo: sauti, neno, maana. Kwake yote hayo yanafika. Kutenda pia kuna hatua zake. Kuna kutaka. Kuna kupanga kiungo kipi kitangulie na kiende wapi. Mwisho misuli ndiyo inavuta. Kutaka anataka, na misuli ni mizima. Palipoharibika ni katikati, kwenye kupanga. Mshipa wa damu uliziba upande wa kushoto siku ile alipoanguka."

"Na siafu?" niliuliza.

"Nani alimwamuru amtoe siafu? Jambo la mazoea likija lenyewe hupita njia nyingine. Amri ndiyo inayokwama."

"Kwa hiyo hadanganyi?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Mwongo hukosea pale panapomfaa, Mwalimu. Huyu anakosea mahali pamoja, hata kosa likimkata mguu."

Aliyaandika yote kwenye barua. Mwinjuma aliisoma huku midomo ikicheza, akaikunja.

"Daktari anasema misuli ni mizima."

"Na mstari unaofuata, Mwenyekiti?"

"Huo ni wa kitaalamu."

Kwenye kumbukumbu ikaingia kwamba Yustina amethibitishwa na hospitali kuwa mzima. Niliandika mimi. Akarudishwa shambani mara kidonda kilipofunga, na msimamizi akaendelea kumpigia kelele.

Aliyemsikiliza Kibwana vizuri ni Ignas, ambaye hakuwahi kukaa hata siku moja katika darasa langu. Hakumwagiza mkewe chochote. Alichimba udongo, akauponda, akaulowesha, akauweka kando ya mkeka wa mkewe, akaondoka kwenda kwenye migomba. Siku tatu udongo ulikauka akaulowesha tena. Siku ya nne alirudi akakuta kitako cha chungu kimeshasimama na mikono ya Yustina inauzunguka udongo yenyewe, mwenye mikono akitazama pembeni.

Ilipofika kiangazi vyungu vilikuwa vinachomwa tena, na katika taarifa za Mwinjuma vikawa "mradi wa ufinyanzi, matunda ya uongozi imara." Akaja mgeni kutoka mkoani na Land Rover. Mwinjuma akamleta hadi uwanjani kwa Yustina, aliyekuwa katikati ya kazi.

"Ndugu Yustina, finyanga, mgeni aone!"

Mikono ikasimama. Mmoja ukaenda kichwani.

"Finyanga!" Mwinjuma alipaza sauti, kama anaongea na kiziwi. Yustina akashtuka, kiwiko kikaangukia chungu kibichi, chungu kikabomoka.

"Huyu mama anaumwa?" aliuliza mgeni.

"Hapana, ni mzima. Tuna barua ya hospitali."

"Niione."

Ilikuwa kwenye jalada langu. Nikampa, jambo langu la kwanza la maana mwaka ule. Aliisoma yote, pamoja na mistari ya kitaalamu.

"Uliisoma hii?" alimuuliza Mwinjuma.

"Niliisoma, ndugu."

"Afadhali ungesema hujui kusoma."

Siku ile ile jina la Yustina likafutwa kwenye orodha ya shamba. Mwinjuma hakufukuzwa. Alihamishiwa ofisi kubwa zaidi yenye viti vyenye mito, na nasikia huko nako alijua kila kitu.

Yustina na Ignas walihamia Bigwa, karibu na Morogoro mjini, kwa binti yao Anastasia. Mwaka 1978 nilikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, kwamba sote tulidanganyika, kwamba hakuna aliyejua.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia mapajani.

"Wenzako walicheka kwa sababu hawakujua," alisema. "Wewe siku ile hukucheka, Mwalimu. Nilikuangalia. Uliandika tu."

Kisha akaniambia nikae, uji ulikuwa unakaribia kuiva.