Mapipa Niliyoyasimamisha Mvuani

Kosa nililifanya kwa ajili ya maharage. Nalisema mapema ili mtu asije akanitafutia sababu nzuri zaidi.

Mimi ndiye ninayetunza mafuta ya ndege kwenye kiwanja chetu cha Kibondo. Usidhani ni cheo. Ni banda la mabati, pampu ya kuzungusha kwa mkono, na mapipa machache ya lita mia mbili. Lakini nchi yetu haisafishi mafuta yake yenyewe. Kila tone linakuja na meli, linashushwa Dar, linapanda lori na kula vumbi siku kadhaa ndipo linifikie. Meli ikichelewa huko baharini, ambako mimi sijawahi kufika, anayekosa usingizi ni mimi huku milimani. Msimu ule ilichelewa kweli. Miji yote ya jirani ilikuwa inasubiri malori.

Pipa la mafuta ya ndege hulazwa, halisimamishwi. Ukilisimamisha nje, maji ya mvua yanatuama juu ya kifuniko. Mchana jua linalipasha moto, usiku baridi inalifanya livute hewa, na likivuta hewa linavuta na maji, hata kama lakiri haijaguswa. Maji hayo yakifika kwenye injini angani, injini inazima. Haya nayajua kama ninavyojua kusonga ugali.

Sasa kinamama wenzangu wa kikundi walikuwa wamevuna maharage, mvua ikawakuta hawana pa kuyaweka. Wakaja kwangu. "Dada, siku tatu tu." Kwetu Buha mwenzako akikuletea chakula kinacholowa humwambii banda limejaa, utamwangaliaje kanisani? Magunia yakaingia, mapipa yakatoka. Nikayasimamisha ukutani, nikayafunika turubai. Usiku ule ule upepo ukaling'oa. Asubuhi nilikuta maji yamesimama juu ya vifuniko, nikayapangusa kwa kanga yangu, nikanyamaza. Baada ya siku tatu nikayarudisha ndani na kuyalaza kama kawaida, na hakuna aliyeuliza.

Siku kumi baadaye muuguzi akanipigia simu. Binti yangu, kitinda mimba wangu, alikuwa amejifungua alfajiri na damu ilikuwa haikatiki. Ndege inakuja kumchukua kumpeleka hospitali kubwa Mwanza. "Rubani anauliza kama una mafuta ya kumrudisha, maana kwingine kote hakuna."

Yalikuwepo mapipa mawili, yote ya mvuani. Nikakaa chini pale pale mlangoni. Mana yanje, Mungu wangu, nikasema, si haya.

Ndege ilitua saa nne. Rubani alikuwa kijana wa Dar, mpole, akaniamkia shikamoo huku anavua miwani. Nyuma yake gari la wagonjwa likaingia kiwanjani, nikamwona mwanangu kwenye machela, midomo imekuwa na rangi ya majivu. Nilipomshika mguu ulikuwa wa baridi.

Tulisimamisha mapipa yote mawili. Nikapaka dawa ya kupimia maji kwenye ncha ya fimbo na kuichovya hadi chini ya pipa la kwanza. Dawa hiyo ikigusa maji hubadilika kuwa nyekundu. Ilitoka nyekundu kama pilipili. Pipa la pili nikachovya, nikatoa. Haikubadilika. Nikachovya tena. Haikubadilika.

"Hili linatosha kutufikisha," akasema rubani. "Lakini mama, lile lingine liliingiaje maji? Na hili nalo lilikuwa wapi?"

Jamani, hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikisema kweli, anaweza kukataa kuruka, na barabara hadi Kigoma ni ndefu kwa mtu anayevuja damu. Nikidanganya, nampandisha mwanangu juu ya maji yangu mwenyewe. Muuguzi alikuwa ananikodolea macho. Mwanangu naye alikuwa anasikia.

"Yote yalikaa nje mvuani," nikasema. "Yamesimama. Nilipisha maharage."

Hakunifokea. Heri angefoka. Alitazama machela, akatazama saa yake. "Mama, angani injini ikizima sina pembeni pa kuegesha. Tuliache litulie saa nzima. Kama kuna maji yatazama chini, nasi tutavuta ya juu tu, tena kwa chujio."

Saa nzima! Muuguzi alibadilisha vitambaa mara nne, mimi nikivihesabu. Kila baada ya muda nilichovya fimbo, na kila ilipotoka safi sikuiamini. Tulipoanza kuvuta, nilizungusha pampu mwenyewe hadi bega likafa ganzi. Rubani akajaza mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo, akaiinua juani, akaizungusha. Safi. Halafu akaniuliza taratibu, "Nafasi ya mtu mmoja ipo. Utapanda?"

Nilipanda. Njia nzima sikutazama nje hata mara moja. Niliusikiliza ule mngurumo, na kila ulipopungua kidogo moyo wangu ulisimama. Nilimkamata mwanangu mkono kwa nguvu hadi kucha zikamwachia alama.

Tulifika. Walimwongezea damu, wakamfanyia upasuaji, na siku ya tatu akaomba uji. Nilikuwa namlisha kwa kijiko alipoziona zile alama mkononi mwake, akacheka kwa sauti ndogo.

"Mama we! Kumbe kila ndege ikiondoka na mafuta yako huwa unaogopa hivi?"

Nikamjibu ndiyo. Nilidanganya.

Mapipa yaliyokaa mvuani yalikuwa matatu. La tatu nilikuwa nimelimimina siku nne kabla ya safari ya mwanangu, kwenye ndege iliyombeba mtoto aliyeumwa na nyoka, wa mwanamke mmoja wa kambi ya wakimbizi. Sikulipima. Wingu lilikuwa linakuja, rubani wa siku hiyo alikuwa na haraka, nami nilisema limepimwa. Walifika salama, niliambiwa. Yule mama, kabla hajapanda, alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Nikaenda nyumbani, nikala, nikalala usingizi mzuri.