Nilivyosuka Rasta Kwenda Kupimwa Usingizi

Kwetu mtu haendi hospitali ovyo ovyo. Ukishajua siku ya kulazwa unaoga vizuri, unakata kucha, unatafuta kamisi isiyo na tundu, halafu unatoa sandukuni ile leso ambayo haijawahi kuona moshi wa jikoni. Mama yangu alikuwa na gauni moja la kulalia alilolitunza kwa ajili ya wadi peke yake. Nyumbani hakulivaa hata siku moja. Lilikaa chini kabisa ya sanduku, limefungwa pamoja na kipande cha sabuni ya kunukia, likingoja ugonjwa.

Kwa hiyo daktari aliponipa siku ya kwenda kulala hospitalini ili wapime usingizi wangu, nilifanya kile ambacho mwanamke yeyote wa rika langu aliyelelewa Nakuru angefanya. Nilienda saluni nikasuka rasta.

Nilikaa kwenye kile kiti tangu asubuhi hadi alasiri. Zilikuwa rasta nyembamba, zimeshika kichwa hadi nyusi zikapanda. Msusi aliniuliza kama nina arusi. Nikamwambia nina safari. Ningemwambiaje kwamba mwalimu mstaafu, mjane, mwenye mjukuu, anaenda kulala ili watu wamwangalie akilala?

Jioni nikafika ghorofa ya tatu na mkoba wangu. Aliyenipokea alikuwa msichana wa vipimo, mpole, mwenye sauti ya chini kama ya mtu aliyezoea kufanya kazi wengine wakiwa wamelala. Alinionyesha kitanda, akanionyesha choo, halafu akakiona kichwa changu.

"Mum, kwani hawakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Hizi waya tunazishikisha na gundi kwa ngozi ya kichwa. Nywele inafaa iwe wazi. Hizi rasta itabidi tumezifungua."

"Zote?"

"Aki zote, mum. Pole."

Walikuwa wameniambia. Nilipewa karatasi ya maagizo, nami niliyewapigia watoto wa watu kelele maisha yangu yote kwamba wasome swali hadi mwisho, nilisoma mstari wa kwanza tu, ule wa kuleta nguo za kulalia, nikaikunja na kuitia ndani ya Biblia. Nilisimama pale mkoba mkononi nikatamani kurudi nyumbani. Nasema kweli, nilishaanza kugeuka. Kilichonizuia ni mjukuu wangu.

Binti yangu anakaa Naivasha, Kihoto, upande ambao maji ya ziwa lililofurika hayajafika. Alipojifungua aliniomba niende nikae naye wiki chache, kama mabinti wote wanavyoomba. Nikamwambia haiwezekani, mila yetu haikubali mama mkwe alale kwa mkwewe. Mkwe wangu, kijana mwenye adabu zake, aliinamisha kichwa. Mila yenyewe ipo, wazee wetu walikuja nayo kutoka magharibi walipoandikwa kazi ya reli. Lakini mimi nilizaliwa katika nyumba za reli hapa Nakuru, na mila hiyo nilikuwa nimeikumbuka siku hiyohiyo. Nikawa naenda asubuhi na kurudi kabla giza halijaingia.

Ukweli ni kwamba ninakoroma. Nililijua hilo kwa njia mbaya. Wanawake wa kanisa tulienda mkutano wa maombi, tukalala kumi katika bweni moja la shule, na asubuhi nikiwa na kikombe cha chai mkononi mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, jana umesaga gunia ngapi?" Walicheka hadi wakashika mbavu. Nami nilicheka, maana ningefanya nini? Tangu siku hiyo sikulala tena katika nyumba ya mtu. Matangani nilikuwa wa kwanza kuaga, leo nina mgeni, kesho mbwa hajala, na mbwa mwenyewe sina.

Kukoroma peke yake kusingenipeleka kwa daktari. Ningekufa nako. Ila alasiri moja kule Kihoto tulikula tukamaliza, binti yangu akaenda kuosha vyombo, mimi nikakaa kwenye kochi nikampakata mtoto. Nilifumba macho kidogo tu. Nilipoyafumbua mikono yangu ilikuwa mitupu. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani, anampigapiga mgongo.

"Alikuwa anataka kubadilishwa, mama," akasema.

Nepi nilikuwa nimembadilisha mimi mwenyewe muda mfupi kabla ya hapo. Yeye alijua na mimi nilijua. Kuanzia siku hiyo nikifika mtoto analazwa kitandani kando yangu, naruhusiwa kumwimbia na kumfukuzia nzi, lakini mikononi siwekewi. Mimi niliyewasimamisha ukutani watoto waliosinzia darasani, sasa mwanangu mwenyewe ananiona siwezi kuachiwa kitoto cha miezi mitatu. Iliniuma kuliko nilivyoweza kumwambia mtu. Nilitaka nipimwe, nitibiwe, nirudishiwe mjukuu wangu nimbebe. Hilo tu ndilo lililonipandisha ghorofa ya tatu.

"Haya, fungua," nikamwambia yule msichana.

Aliketi kwenye kiti, nami akaniwekea kigoda kifupi mbele yake. Yeye akaanzia kisogoni, mimi nikaanza za mbele. Tulipofika katikati vidole vyangu vilichoka nikaviacha magotini. Akaendelea peke yake bila kulalamika, akichokonoa kila rasta kwa mkia wa kitana, akiivuta taratibu, akiitupa kwenye mfuko wa karatasi.

Miaka mingapi sijakaa hivyo! Jumamosi mama alikuwa anatutoa nje mmoja mmoja, anakaa kwenye ngazi ya mlango, unakaa chini katikati ya magoti yake. Alinukia sabuni ya kufulia na mkaa. Ukitikisika anakugonga begani na kitana cha mti, si kwa hasira, ni kukukumbusha tu kwamba una shingo. Ng'ambo ya ua mabehewa yalikuwa yakigongana siku nzima, vumbi la Nakuru linapita na karatasi zake, na majirani wanapiga hodi kuomba chumvi huku wameshaingia. Kichwa changu kilikuwa kigumu, nywele zenyewe ngumu, na bado kila Jumamosi nililala pale pale chini. Mama hakuniamsha. Aliegemeza kichwa changu kwenye paja lake akaendelea upande uliobaki. Sijapata kulala usingizi mtamu namna ile tena, si katika nyumba ya ndoa, si katika hii yenye geti ninayoishi sasa na redio yangu.

Vyumba vilikuwa viwili na sisi watoto tulikuwa sita. Tulilala kitanda kimoja mzungu wa nne, wengine vichwa huku, wengine vichwa kule, ukiamka una kisigino cha dada yako shavuni. Ulijua ni nani husaga meno, nani huongea na nani hukojoa, na hilo la mwisho lilikuwa siri ya nyumba, halikutoka nje. Nyanya akija kutoka magharibi na kuku wake wawili chini ya kiti cha basi, alilala nasi hapo hapo katikati. Nyanya alikoroma jamani! Vikombe vilitikisika kabatini. Na hakuna aliyemcheka. Akianza tu, sisi wadogo tulisogeleana kwa furaha, maana tulijua kuna mtu mzima kati yetu na mlango. Usiku wa kwanza baada ya yeye kurudi kwao hatukupata usingizi, nyumba ilikuwa kimya mno. Ninaukosa sana ule msongamano. Sijui ni mwaka gani tulianza kuona kulala ni jambo la kufungiwa chumbani na ufunguo.

Nikiwa na mawazo hayo nikashtuka. Kichwa changu kilikuwa kimelala kwenye kiganja cha yule msichana. Alikuwa amekishika kwa mkono mmoja, anafungua kwa mkono wa pili, na kutokana na wingi wa rasta zilizokuwa mfukoni nilijua sikusinzia kidogo.

"Nisamehe, mama," nikamwambia, nikijipangusa mdomo.

"Lala tu, mum," akasema. "Si hiyo ndiyo kazi umekuja kufanya?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Aibu haikuisha, lakini ilipungua makali.

Baada ya hapo akanibandika waya kichwani, kifuani na miguuni, akanifunga mkanda tumboni na kamrija puani. Juu ya kabati kulikuwa na kamera. Akaniambia nikitaka kwenda choo niseme tu, atakuja kunichomoa. Nilisali kwa ufupi kwa sababu sikujua kama kamera inasikia. Halafu nikalala kwa ubavu, midomo nimeibana, mkono chini ya shavu, nilale kama mtu wa heshima. Nilidhani nikijitahidi nitaweza. Dakika chache baadaye sikujua tena nilikuwa wapi.

Asubuhi alinipa chai, akaanza kunibandua waya mmoja mmoja. Nilimuuliza swali nililokuwa nimelimeza tangu jana.

"Nilikoroma?"

"Ulikoroma sawasawa, mum." Hakucheka. "Lakini kukoroma si shida. Shida ni venye ulikuwa unanyamaza."

Daktari alinieleza vizuri zaidi alipopita. Nikilala koo langu hujifunga na pumzi hukatika, mwili unagutuka kuitafuta, mimi mwenyewe sijui, na hivyo ndivyo usiku mzima unavyokwenda. Ndiyo maana mchana nasinzia hata nikiwa nimesimama. Akaniambia iko mashine ya kuvaa puani, itanisaidia. Mpaka nitakapoipata nilale kwa ubavu, na ikiwezekana nisilale peke yangu.

Nilikaa kwenye benchi la koridoni, kitambaa kichwani, vipande vya gundi vikinivuta nywele. Nikampigia binti yangu.

"Mama, uko wapi? Nimekutafuta jana usiku, simu haishiki."

"Niko hospitali. Usishtuke. Nilikuja kupimwa usingizi." Na kabla ujasiri haujaniishia nikaendelea. "Siku ile nililala na mtoto mikononi. Najua uliniona. Najua ndiyo maana hunipi nimbebe, na sikulaumu. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo."

Nilisikia mtoto akigugumia karibu na simu.

"Si mtoto niliogopea, mama."

"Basi nini?"

"Mtoto ulikuwa umemshika vizuri, hata kumtoa ilibidi nimevuta. Ni wewe ulikuwa hupumui. Nilimtoa ndio nipate mkono wa kukushika. Nikakuita mara mbili, kimya. Nilikuwa karibu nipige nduru, ndio ukavuta pumzi, ukaanza kukoroma tena. Nikarudi nyuma mpaka kwa mlango. Sikujua nikuambie nini."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Nikuambie nimekuona kama umekufa?" Sauti yake ilianza kupasuka. "Tangu siku hiyo hata ukisema ile mambo ya mila, ati huwezi lala kwetu, mimi nilikuwa nashukuru. Niliogopa kuamka usiku nikusikize, nisisikie kitu."

"Na mtoto? Kwa nini hunipi?"

"Nataka ukilala tena mikono yako ikuwe wazi. Nikimbie kwako moja kwa moja, nisianze kwanza na yeye."

Wiki zote zile nilikuwa nimekaa katika nyumba yake nikijihurumia, nikiamini anamlinda mtoto nisimwangushe. Kumbe alikuwa anaosha vyombo akihesabu pumzi zangu. Nililia pale koridoni, mwalimu mzima, watu wakipita na faili zao. Sikujali tena nani ananiangalia.

"Daktari amesema nisilale peke yangu mpaka mashine ije," nikamwambia nilipoweza kusema.

"Basi kuja."

"Na mila?"

"Mama!"

"Nakuja leo," nikasema. "Nitalala kwa ubavu. Kukoroma nitakoroma, mwambie mume wako asishangae. Lakini ukisikia nimenyamaza, nisukume."

"Nitakusukuma, mama."

"Kwa nguvu."

"Kwa nguvu," akasema, naye sasa analia waziwazi. "Hata kama ni mara mia."