Sanyu na mkasi wa mdomo wa kasuku

Ni asubuhi katika mtaa wa New Site, Juba. Moshi wa mkaa unajikokota juu ya mabati, na ndege ya kwanza kutoka Entebbe inapita chini chini kuelekea uwanjani. Sanyu Nakimuli hainui kichwa. Ameinamia mti usiofika hata gotini, mtini wenye shina nene lililojipinda na majani madogo kama kucha. Anautazama kimya, kama mtu anayesikiliza wimbo unaotoka nyumba ya tatu.

Kisha anaingiza mkasi katikati ya matawi. Mlio mmoja tu, kama bua kavu lililovunjika. Kijitawi kinaanguka, na majani ya jirani yake hayatikisiki.

"Hii moja ilikuwa inaibia wengine jua," anasema kwa Kiswahili chake cha Kampala. "Sasa wote watakula."

Sanyu ana miaka arobaini na moja. Hulea bonsai, ile miti inayokuzwa katika vyungu vya kina kifupi na kupogolewa miaka nenda miaka rudi, mpaka inapata sura ya mti mkongwe unaoonekana kutoka mbali sana. Wateja wake ni hoteli, maofisi na nyumba chache za wenye nafasi. Biashara haina mwendo mmoja. "Kuna mwezi nauza mti moja, nanunua unga, nalipa nyumba," anasema. "Halafu miezi tatu nauza hewa tu."

Ua wake umejaa vyungu, lakini vyombo vyake vya kazi vinatosha kufungwa katika kipande kimoja cha kitenge. Anakifungua juu ya mapaja yake, taratibu, kama anayemfunua mtoto aliyelala.

Wa kwanza ni mkasi mwembamba. Makali yake ni mafupi, yanapenya kati ya vitawi bila kugusa chipukizi lisilokusudiwa. Vishikio vyake ni vipana kama masikio, na kiganja chote kinaingia kazini. "Mkasi ya kushona unashika na vidole mbili, vinachoka," anaeleza. "Hii unashika na mkono mzima. Mkono haitetemeki."

Wa pili ndio anaouita kasuku. Midomo yake miwili imejipinda na kuwa na kishimo ndani, na ikifumba hukutana sawasawa. Mkasi wa kawaida ukikata tawi huacha kisiki. Kisiki hukauka, huoza, na uozo hushuka polepole mpaka moyoni mwa shina. Kasuku hung'ata tawi pamoja na kipande kidogo cha shina lenyewe, akaacha kidimbwi kama alama ya kijiko kwenye ugali. Ganda jipya linapoota juu ya jeraha huvimba, na uvimbe huo hujaa ndani ya kidimbwi. Mwishowe shina huwa laini.

"Mwenye alitengeneza hii alijua kidonda lazima ivimbe," anasema Sanyu. "Akaiachia nafasi."

Aliukuta mkasi huo Kampala, katika soko la Owino, ndani ya rundo la vyuma vya mitumba. Muuzaji alimhakikishia kwamba ni wa kung'olea misumari. Wakati huo Sanyu alikuwa kibarua katika kitalu cha maua kando ya barabara ya Entebbe, akipogoa bonsai za tajiri wake kwa mkasi wa kawaida, na kila alipokata palibaki fundo lililojitokeza kama nundu. Alinunua kile chuma kwa sababu kilimvutia tu. Alikijaribu kwenye tawi la mtini, akasahau, na siku moja wakati wa kumwagilia akaona hapana fundo.

"Nilitafuta pahali nilikata, nikakosa," anasema, na macho yake yanakwenda mbali. "Nilikaa chini kwa udongo. Nikaona kama niko kwa ndoto."

Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011, alipanda basi kuja Juba na miti michache iliyofungwa kwa magunia. Mji ulikuwa unajengwa usiku na mchana, na kila hoteli mpya ilitaka kitu cha kijani mlangoni. Sanyu anaikumbuka miaka ile kama mtu anavyokumbuka usingizi mzuri: bendera kila mahali, watu wakisalimiana barabarani bila kujuana.

Desemba 2013 bunduki zililia. Waganda wengi walikimbilia mpakani, naye akapanda lori la kwenda Nimule. Miti yote aliiacha isipokuwa mtini mmoja aliopakata mapajani. Kitenge chenye mikasi alikifunga kiunoni.

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari kijana ambaye wenzake walimwita Mabior alikipapasa kitenge kile, akasikia chuma. Akaamuru kifunguliwe. Alipomwona kasuku, uso ukabadilika.

"De shunu?" aliuliza kwa Kiarabu cha Juba. Hiki ni nini? Kisha, kwa Kiswahili: "Hii ya kukata waya? Ama ya kukata vidole vya watu?"

Abiria wote waliteremshwa. Mama mmoja alianza kusali kwa sauti. Sanyu anasema neno pekee lililomjia lilikuwa la kazi.

"Afande, hii ni ya mti. Wacha nikuonyeshe."

Akauweka mtini juu ya boneti ya gari. Akachagua kitawi, akakata. Kitone cha utomvu mweupe kikajitokeza ndani ya kidimbwi kidogo. Mabior akainama kutazama.

"Tena," akasema.

Akakata kingine. Askari akauliza mti una miaka mingapi. Sanyu akamwambia minane.

"Miaka nane, na bado mtoto?"

"Si mtoto, afande. Ni mkubwa mwenye hakupewa pahali."

Mabior alicheka. Akauchukua mkasi, akaufumba na kuufumbua mara kadhaa karibu na sikio, akaurudisha kwa mikono miwili. Lori likapita.

Alirejea Juba mwaka uliofuata, kwa kuwa kitalu cha Entebbe kilikuwa kimeshafungwa na hakuwa na pengine pa kwenda. Miti mingi aliikuta imekauka. Alikuwa bado anahesabu hasara hiyo mwanamke aliposimama langoni, amebeba debe la mafuta ya msaada ambalo ndani yake kulikuwa na mkwaju.

Mwanamke huyo ni Scovia Keji, muuza nguo wa kabila la Wabari kutoka Rejaf, kijiji cha kando ya Nile karibu na Juba, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Adjumani, upande wa Uganda.

"Dada Sanyu, nimesikia unatibu miti," alisema. "Ardeb yetu inakufa, na mama yangu hajui. Nimeshindwa kumwambia."

Mkwaju huo, ardeb kwa Kiarabu cha Juba, ulitokana na mbegu. Mama yake Keji, Mama Poni, alipokimbia Rejaf wakati wa vita vya zamani, aliondoka na maganda ya ukwaju yaliyofungwa katika pindo la nguo. Mbegu moja iliota kambini ndani ya debe. Kila walipohamishwa, debe lilihama nao, na mizizi iliyobanwa ikaufanya mti udumae. Mama Poni hakuwahi kulisikia neno bonsai. Alikuwa akisubiri tu siku ya kurudi. Walirudi mwaka wa uhuru, wakakaa Juba, mti mapajani mwake.

Katika mapigano ya Desemba ukuta wa nyumba yao uliporomoka, ukapasua tawi kubwa. Keji alilikata kwa panga. Kisiki kikaoza, uozo ukaanza kuteremka.

"Nikagusa, kidole ikaingia ndani kama kwa ndizi iliyoiva," anakumbuka Sanyu. "Nikamwambia dada yangu, mimi siahidi."

Alipaka makali ya kasuku spiriti, asihamishe ugonjwa wa mti mwingine. Kisha akang'ata uozo kidogo kidogo, akipumzika, akinusa, mpaka alipoona nyama nyeupe yenye unyevu. Keji aligeukia ukutani asione. Kidonda kilichobaki kilikuwa kipana kama kiganja cha mtoto. Sanyu akakifunika kwa nta, akauhamishia mti kwenye chungu na kuuweka kivulini.

Ikapita miezi bila dalili. Kisha ukingo wa ganda ukaanza kutambaa kuelekea katikati, polepole kama usingizi unavyomjia mgonjwa. Keji alipita kila alipofunga duka, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama, akaondoka. Nyumbani alimwambia mama yake kwamba mti umepelekwa kuoshwa mizizi.

Mvua za mwaka jana zilipokwisha, Mama Poni alisema amechoka kusubiri. Macho yake yamekwisha nguvu kabisa, hivyo Keji alimshika mkono mpaka uani kwa Sanyu.

"Msidhani sikusikia ukuta ulipoanguka," alisema, Keji akitafsiri kutoka Kibari. "Nilisikia na tawi likilia. Nionyesheni jeraha."

Sanyu akaupeleka mkono wake shinani. Vidole vikapanda, vikashuka, vikazunguka, vikarudi.

"Wapi?" aliuliza bibi.

"Umeshalipita, mama," Keji akajibu.

Mama Poni aliliegemeza shavu lake kwenye shina. Kisha akasema jambo ambalo Sanyu hakulitarajia: mti utolewe chunguni, ukapandwe Rejaf, pale palipokuwa na nyumba yake.

Sanyu anakiri kwamba alikataa mwanzoni. Mkataba wa amani ni mchanga, na watu bado wanalala na mizigo imefungwa. "Nikamwambia, mama, kwa chungu unaweza kukimbia nayo." Mama Poni akamjibu kwamba mti huo umekimbia vya kutosha.

Wamekubaliana kungoja mvua za kwanza za mwaka huu wa 2016. Keji ameshakodi gari dogo. Sanyu ameomba naye aende, achimbe shimo kwa mikono yake, kwa sababu anataka kuona udongo wa Nile ukiingia katikati ya mizizi ile.

Kwa sasa mkwaju uko kwenye kona yenye jua. Tangu siku ile Sanyu hajaukata hata mara moja. Machipukizi yamerefuka ovyo, mengine yamevuka ukingo wa chungu, mengine yanaelekea ukutani.

"Mkono inaniwasha," anasema akicheka. "Lakini nimeiacha. Huko inaenda itahitaji kila tawi."